Nolasco Hajaliliwa

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimefika nyumbani, Bweranyange. Vumbi mpaka kwenye meno. Mama kanipokea begi, kaniuliza habari za chuo, karudi kumenya ndizi. Basi! Mwaka sasa hakuna anayemtaja Nolasco humu ndani. Kaka yangu mimi. Kama vile nilizaliwa peke yangu.

Kibanda alicholala walikibomoa siku ileile waliyomzika. Aliyejitoa uhai haliliwi, eti ukimlilia unamwita mwingine. Hakukuwa na moto wa msiba uani, hakuna aliyelala matanga, padre hakuitwa. Mimi nilikuta yameisha. Mama alikuwa anafagia.

Deodatus kapiga simu, fulana zimetoka: PANDA MLIMA, SEMA USIKIKE. Mwenyekiti wetu wa wanafunzi huyu! Mtoto wa mfanyabiashara wa Muleba, anaongea kama redio. Jumamosi wanakuja tupande mlima huu wa kwetu, watu wachange, chuo kipate mshauri nasaha wa kweli. Tuliyenaye ni mwalimu wa hesabu aliyeongezewa kazi. Nolasco alimwendea. Akaambiwa apumzike, ale matunda. Matunda!

Jumatano, 9 Julai

Baba mkubwa Cleophace kaja. Shikamoo, marahaba, kakaa. Habari za mlima zimeshamfikia. Kasema tupande tukitaka, lakini tusipite hapa nyumbani, na sura ya Nolasco asiione kwenye kitambaa chochote. Yeye ana wanawe wanasoma, hawezi kuwazika.

Nilikuwa nimeshapanga jibu, tena jibu baya. Ila kahawa ilimmwagikia kwenye suruali, wala hakuona. Nikamwahidi. Sasa najichukia.

Alhamisi, 10 Julai

Tulikuwa tunapukuchua maharage. Mama kauliza, hao wenzio wanampandia nani mlima? Nikamwambia wanafunzi wote wenye mawazo mazito, mama. Kamaliza ganda lililokuwa mkononi. Halafu, bila kuniangalia: na wa kwangu?

Nikasema ndiyo, tumeanza kwa ajili yake.

Basi wakishuka wapite hapa wanywe maji, kasema. Nikamkumbusha maneno ya baba mkubwa. Kaniuliza hii nyumba ni ya nani.

Nimempigia Deodatus, nimembadilishia njia. Ahadi yangu kwa baba mkubwa imedumu siku moja. Na iwe.

Ijumaa, 11 Julai

Mama kashinda anakata nyasi. Nikamwambia mbuzi wana majani ya kutosha. Kaendelea kukata.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika jikoni. Nimejifanya natafuta vikombe.

Mlima tumepanda. Filimbi, kipaza sauti, picha za simu. Kule juu Deodatus katutaka kila mmoja apige kelele atoe uchungu wake. Wakapiga, wakacheka. Mimi sauti haikutoka. Benitha, mwenzangu wa Kyerwa, alinishika mkono mpaka tukaanza kushuka.

Wakati tunakaribia nyumbani nikaona moshi. Nikadhani mama anapika. Mungu wangu! Gogo la moto katikati ya uwanja, mchana kweupe. Nyasi mbichi zimetandazwa kutoka mlangoni mpaka njiani. Na mama kakaa juu ya nyasi hizo, kanga kajifunga kiunoni, miguu kainyoosha, kama anavyokaa mfiwa. Hatukualikwa maji. Tumeitwa kwenye msiba.

Deodatus hakuelewa chochote. Katangulia na kipaza sauti, shikamoo mama, hongera kwa mapokezi mazuri! Hongera! Nilitamani ardhi inimeze. Mama kamtazama tu. Mwenzetu akaendelea, dalili za msongo wa mawazo, umuhimu wa kuzungumza…

Benitha ndiye kavua viatu. Kageuza fulana yake, maandishi yakaenda ndani, kapiga magoti kwenye nyasi, kamshika mama mikono yote miwili. Pole mama. Pole kwa msiba wa Nolasco.

Mama kafumba macho. Ni pole yake ya kwanza hiyo. Mwaka mzima! Mtu anafiwa na mtoto, anapewa pole ya kwanza na msichana wa Kyerwa asiyemjua.

Hapo Deodatus kazima kipaza sauti. Kavua viatu naye. Wote wakavua, wakakaa. Fulana za njano uwanja mzima.

Baba mkubwa kapita na pikipiki. Kauona moto. Hakushuka. Kaniita pale njiani, kaniambia kwa sauti ndogo kwamba nikifungua kinywa nimewaua wanawe, kisha kageuza, kaenda kuwaita wazee wa ukoo. Simchukii. Angefoka ningejua la kumfanya.

Mama kaniita karibu. Kasema wageni hawawezi kuanza, kilio huanzishwa na mwenye nyumba. Yeye alijaribu asubuhi, sauti imekwama. Nianze mimi.

Nikasema ngoja nilete vikombe. Vikombe, jamani! Nipo hapa kwenye mafiga, nawafikiria wale watoto wa baba mkubwa. Mdogo ananiita dada. Mila siiamini. Mbona basi naiogopa?

Pikipiki zinapanda kutoka bondeni. Si moja.

Na mama kaanza. Mwenyewe! Anaita. Nolasco. Nolasco wangu. Sauti imepasuka, inakatika, anaita tena, na pale uwanjani wote wanangoja mtu wa nyumba hii ampokee, na mtu huyo ni mimi tu, naiacha kalamu —