Muziki wa Kumpeleka Mama Mkwe Manyovu

Jumapili, 29 Juni 2025

Adolf, shemeji yangu, kapiga simu baada ya misa. Mama yao ameruhusiwa hospitali, jicho limepasuliwa vizuri, Jumamosi anarudi Manyovu. Nikasema namshukuru Mungu. Akasema ngoja, sijamaliza. Mama anataka umpeleke wewe.

Mimi! Mabasi yapo. Adolf mwenyewe ana gari. Hapana, mama kasema anamtaka Castory, yaani mimi.

Saa nzima na nusu, mimi na mama mkwe ndani ya gari moja. Na mwisho wa barabara yuko Marcelina. Huu ni mwezi wa tano tangu mke wangu aende kwa mama yake. Nimekwenda kumchukua mara tatu. Mara zote nimekaa sebuleni, nimezungumzia mvua na bei ya mafuta, nimekunywa chai, nimeondoka. Mara ya tatu Marcelina hakutoka hata jikoni.

Sasa nitasema nini njia nzima? Redio ya gari ni ya Kijapani, inaishia namba tisini, stesheni zetu zote ziko juu ya hapo. Inavuma tu.

Nitafunga muziki. Nimeamua.

Jumatatu, 30 Juni

Nimenunua empithrii ndogo, ya kushika mkononi, na modulita — kale kadude kanakochukua muziki na kuurusha kwenye redio ya gari. Bariki, fundi redio wa hapa Ujiji, akanielekeza: unachomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, redio unaiweka 88.3, kwisha habari.

Tundu langu limekufa. Bariki akasema niache gari, atanifungia kwa nusu saa. Nikakataa. Watu wananiletea karakanani Kibirizi mashine za boti zilizolala majini wiki nzima, na zinaunguruma. Nitashindwa na nyaya mbili?

Ukweli ni kwamba mikono inataka kazi. Ikikaa bure, kichwa kinaanza.

Jumanne, 1 Julai

Baridi. Upepo umetoka ziwani tangu alfajiri, nimefanya kazi na koti la mvua. Vidole vimekufa ganzi, tepu haishiki, waya unaponyoka. Plastiki ya dashibodi imekaushwa na jua miaka yote hii, na kwa baridi ile nimeivuta kidogo tu — paa! Ufa kutoka redio hadi kwenye usukani.

Bibi Ashura, jirani, kachungulia juu ya ukuta. Akauliza natengeneza ndege au nini.

Jumatano, 2 Julai

Inaimba!

Waya nimeupeleka moja kwa moja kwenye betri. Empithrii nimeibandika juu ya ule ufa, sasa unaonekana kama ulikusudiwa. Nimefuta nyimbo zangu zote za mapenzi, siwezi kumchezea mama mkwe vile vitu. Nimeweka kwaya kumi na mbili.

Ya tatu ilikuwa haijaisha, Bibi Ashura huyo mlangoni, amebeba redio yake ya jikoni. Inaimba ileile kwaya. Alikuwa anakaanga maandazi, anatafuta stesheni, redio inavuma, mara imenyamaza kimya, mara sauti za kwaya hizo. Akasema, "Mimi nimezaliwa Mwislamu hapahapa Ujiji, leo redio yangu inanisomea misa?"

Tukacheka sana. Nikazunguka na redio yake uani. Hatua ishirini inafifia. Ukutani inatoka safi kabisa. Sikumbuki nilicheka lini mara ya mwisho.

Akauliza Marcelina anarudi lini. Nikamwambia upepo wa leo mkali. Akaniangalia, akachukua redio yake, akaondoka.

Alhamisi, 3 Julai

Baada ya kazi nimepitiliza hadi Katonga. Nimeegesha pale wanapoanika dagaa, vioo nimefunga. Hii empithrii ina kitufe cha kurekodi. Nikasema ngoja nijizoeze yale ya kumwambia Marcelina, nisikie yanavyotoka.

Yakatoka yote. Dakika sita.

Niyaandike na hapa basi, si daftari langu? Februari, mtoto wetu alizaliwa ameshaondoka. Wa kike. Walinipigia, nikasema nakuja. Nikazima simu. Nilikuwa Kibirizi, nikafungua mashine nzima hadi skrubu ya mwisho, mashine isiyo na tatizo lolote. Nikaifunga tena. Wakamzika bila mimi. Nikafika jioni, mikono nimeinawa vizuri, nikauliza kama kuna chakula.

Chakula! Marcelina aliondoka wiki ileile.

Sikuwa na hasira wala kiburi kama anavyodhani Adolf. Niliogopa. Nilimwogopa mwanangu mwenyewe, kumwona uso.

Nikasikiliza kidogo. Sauti ya mtu anayelialia. Sikuipenda. Nikaifuta, vidole vizito kwa baridi.

Ijumaa, 4 Julai

Nimeosha gari. Nimekagua taa mara nne.

Jumamosi, 5 Julai. Manyovu, ndani ya gari

Niandike upesi.

Mama mkwe alikaa nyuma, kajifunika kitenge na shuka juu, miwani meusi ya hospitali. Kioo cha ndani nilishakigeuzia juu, nisikutane naye macho. Shikamoo mama. Marahaba baba. Basi. Tukafika Mwandiga. Nikawasha kwaya.

Akauliza inatoka wapi, kanda haioni. Nikafurahi kupata la kusema, nikamweleza modulita, 88.3, hadi habari ya maandazi ya Bibi Ashura. Akacheka kidogo. Nikajiona nimefaulu.

Tukaanza kupanda milima. Ukungu, baridi ya huku si ya Ujiji, vioo vinafuka kwa pumzi zetu. Wimbo wa kumi na moja ukaisha. Nikasubiri wa kumi na mbili.

"Marcelina, mimi Castory."

Gari liliyumba. Juzi nilifuta kwaya! Ile sauti yangu imebaki! Mkono ukaenda kwenye redio. Nyuma yangu akasema, "Acha."

Nikaacha. Utamkatalia mama mkwe? Dakika sita, mimi nashika usukani na mimi naongea. Ilipoisha nikazima kila kitu. Kisha akasema, taratibu tu, "Yule mtoto nilimuosha mimi, mwana wanje. Nilikuwa nakutukana moyoni." Kaniita mwanangu, kwa Kiha. Halafu akasema niangalie barabara.

Tumefika. Marcelina kafungua geti. Amekonda. Akapokea mfuko wa mama yake, akanisalimia kama mteja, akarudi jikoni. Nilifungua mdomo, na Mungu ananisikia, nikasema njiani kulikuwa na ukungu.

Mama mkwe alisimama palepale. Hakwenda ndani. Alikuja kwenye dirisha la gari, karibu kuliko alivyowahi kunisogelea tangu nimuoe binti yake. Akauliza ile namba ni ngapi.

"Themanini na nane nukta tatu, mama."

"Sogeza gari hadi ukuta wa jikoni." Akaenda zake.

Nimesogeza, modulita nimeiwasha tena. Ukuta ninaufikia kwa mkono. Marcelina anatwanga kisamvu, nausikia mchi. Redio ya jikoni ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Sasa mtu anaizungusha, inavuma, inavuma — imenyamaza. Imeshika modulita yangu. Hakuna kitu hewani, inanisubiri mimi.

Naandika ili nisibonyeze.

Nimebonyeza.

Najisikia kupitia ukutani. Marcelina, mimi Castory. Mchi umesimama. Nilidhani angeizima. Hajaizima.

Dakika ya pili. Bado nazunguka na habari za kazi ya Kibirizi. Mchi bado kimya.

Pale pa kuzima simu ni dakika ya nne. Sitaki alisikie hilo kwenye redio, baada ya matangazo ya vifo, mimi nimejificha hapa na kalamu. Nikifika hapo nizime, niingie, nimalizie mwenyewe. Nimeshika mlango. Baridi, kitasa kama barafu.

Dakika ya tatu inaisha. Nazima. Naingia.