Mguu wa Cherehani

Hospitali, Wadi ya Waafrika,
Eldoret,
Julai 1952

Kwa dada yangu mpendwa Musimbi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mumeo mwalimu na watoto wote. Je, mvua ya huko Malava imewaachia mahindi, au imeyalaza yote? Na yule ng'ombe wako mwenye kiburi, amekubali kukamuliwa au bado anawapiga mateke? Watu wakiandika barua husema kwamba wao ni wazima, hofu ni kwa aliye mbali. Leo mimi siwezi kukuandikia hivyo. Mwili wangu hauna homa, na chakula nakula nikikumbuka kwamba kuna kula, lakini hofu yote iko huku, dada. Msibakize yoyote huko kwenu.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wadi. Karatasi nimepewa na Kimutai, dresa wa hapa, mtu mzima wa Kinandi aliyejifunza kufunga vidonda vitani Burma. Anasema kukaa bure kunaua mtu haraka kuliko ugonjwa, afadhali niandike. Basi naandika, na ukiona mwandiko umepinda ujue naandikia gotini, usinicheke kama ulivyozoea.

Unakumbuka ile Krismasi shemeji yako Shitanda alipokuja nyumbani na gongo. Alikuwa amekwenda Kapseret kwenye shamba la Kaburu mmoja kuwapima vibarua kaptula. Gari la ng'ombe lililojaa magome ya miti ya miwati likarudi nyuma kwenye mteremko, gurudumu likampanda kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Alikandwa na kufungwa na fundi wa mifupa wa Cheptiret, mtu anayeheshimika sana, na kweli mifupa ilishika. Ila ilishika ikiwa imepinda. Tangu hapo kifundo kikawa kinavimba kila jioni, na asubuhi hawezi kukikanyagia mpaka akikande kwa maji ya moto.

Sasa dada, fundi wa nguo bila mguu wa kulia ni kitu gani? Wewe unajua kanyagio la cherehani linavyotaka. Alijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, na mshono ukawa unakwenda kama mlevi anayetoka kilabuni. Wateja waliokuwa wakipanga foleni pale kwenye veranda ya duka la Mhindi, alikokuwa akishonea, wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa mafundi wengine. Mhindi mwenyewe alivumilia sana, lakini mwishowe akasema kwa upole kwamba veranda ni ya cherehani inayolia, si ya cherehani iliyolala. Mume wangu akawa mkali nyumbani, anagombana na mkasi, anagombana na chumvi kwenye mboga. Mimi nikawa nashona vifungo na mapindo kwa mkono ili angalau kitu fulani kiwe kinatoka mle ndani.

Mwaka huu akaja daktari mgeni kutoka Uingereza. Shitanda alikwenda kwake kutafuta dawa ya maumivu tu, akarudi na habari zilizomfanya asahau kula. Daktari alikuwa amempiga picha ya mifupa, akamweleza kwamba ile nyama laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa imelika yote, ndiyo maana mifupa inasagana. Akasema huko kwao madaktari wamekuwa wakilichunguza jambo hili, na njia mpya imeandikwa katika magazeti yao juzi juzi tu. Wanafungua kifundo, wanachonga ncha za mifupa mpaka zilingane, kisha wanapitisha msumari wa chuma kwenye muundi na mwingine kwenye mfupa wa chini. Nje ya mguu, kila upande, misumari inaunganishwa kwa chuma chenye nati ambayo mtu anaweza kuizungusha kwa vidole. Nati zikikazwa, mifupa inabanwa pamoja mpaka inaota kuwa mfupa mmoja. Kifundo hakitapinda tena maishani, lakini hakitauma tena.

Mimi niliposikia misumari nilisema hapana, huyo ni mtu, si kiti. Shitanda akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Akaniambia kwamba kuunganisha vipande viwili viwe kimoja ni kazi yake ya kila siku, na amempata hatimaye daktari anayefikiri kama fundi. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu, kwamba mguu usiopinda utakanyagaje. Akachora wayo wake kwa chaki kwenye karatasi ya kaki, akaukata kama anavyokata kola, akampelekea daktari kumwonyesha jinsi anavyotaka mguu ulale, ukiwa umeinama mbele kidogo kama unavyokaa kwenye kanyagio. Daktari akamwambia hapana, mguu ulioinama hivyo utamwangusha njiani, lazima usimame wima, na kanyagio atalisukuma kwa goti na paja.

Tulijaribu nyumbani. Nikamfunga vipande viwili vya ubao kwenye kifundo kwa vitambaa vya kaki, nikavikaza mpaka akasema ninalipiza kisasi, kisha akakaa kwenye cherehani. Ilikwenda, dada! Kwanza kwa kukwama kwama, halafu ikakubali, ikalia kama zamani. Alishona kipande cha kitambaa cha amerikani kutoka mwisho mpaka mwisho bila kusimama, na hakikuwa nguo ya mtu yeyote. Jirani yetu Nanzala akaja kuuliza kuna sherehe gani. Nakuambia haya ili ujue kwamba tulikuwa na furaha, na haikuwa ndoto.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alifurahi, akawaita wenzake waje kuutazama mguu ule na vyuma vyake. Mimi mwanzoni sikuweza kuutazama. Ulionekana kama kitu kilichosahauliwa nusu kwenye karakana. Lakini kidonda kilikuwa safi, na Shitanda akawa mtu maarufu wadini, anawapima wagonjwa wenzake kwa macho na kuwaahidi suruali.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nyumba yangu ilipobomoka, na aliyeibomoa hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kwenye kila cherehani kuna nati ndogo inayobana uzi. Ikikazwa kupita kiasi kitambaa kinajikunja na uzi unakatika, na fundi yeyote mwenye akili huilegeza kidogo. Mkono wa Shitanda umefanya hivyo tangu ujana wake, hata macho yakiwa mahali pengine. Basi vyuma vile vilipombana na kumuuma, hakumwita mtu. Akasema moyoni kwamba daktari huyu ni fundi mzuri ila ana mkono mzito, amekaza uzi kupita kiasi. Kila jioni dresa akishapita akawa anazilegeza nati, apate kupumua. Asubuhi kabla ya daktari kuja anazikaza tena, na hakuna aliyejua, hata mimi mke wake niliyekuwa nikimletea uji.

Kimutai ndiye aliyemkuta mkono ukiwa kwenye nati. Shitanda hakuona haya, alimweleza kama anavyomweleza mwanafunzi wa kazi, kwamba kubana ni vizuri lakini kuna kipimo. Kimutai aliniambia baadaye kwamba alitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Mifupa ile ilitakiwa itulie kama mbegu iliyopandwa, na yeye alikuwa akiifukua kila jioni. Misumari nayo ikawa inacheza ndani ya mfupa, na uchafu ukapata njia.

Dada, usaha ulianza kutoka kwenye matundu. Daktari hakumkemea, na afadhali angemkemea. Aliitoa misumari, akaosha, akampiga sindano za penisilini asubuhi na jioni. Mguu ukakataa. Vidole vikabadilika rangi, harufu ikaanza, hata wagonjwa waliokuwa wameahidiwa suruali wakaomba vitanda vyao visogezwe. Homa ikapanda. Nilikuwa nikimpangusa jasho, nikitoka nje nalia, nikirudi namwambia anaonekana vizuri. Nimeomba mpaka maneno ya kuomba yameniishia. Sasa nikifumba macho nasema tu, Baba, Baba, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Daktari akaniita mimi na Kimutai wa kutafsiri. Akasema sumu inapanda, na kama mguu haukukatwa chini ya goti, mtu mwenyewe atakwenda. Kimutai akamweleza Shitanda maneno hayo taratibu, na Shitanda akakataa. Akasema mama yake, Mama Nangila, amemfundisha tangu utotoni kwamba mtu huenda kwa baba zake na viungo vyake vyote, asije akafika huko wakamuuliza kingine amemwachia nani. Kimutai akamkumbusha kwamba kuna cherehani za mkono. Akajibu kwamba hizo ni za akina mama wa misheni wanaoshona vitambaa vya meza, yeye ni fundi. Hata katika homa ile, dada, bado ana majivuno. Karibu nicheke.

Kisha akanishika mkono. Akasema anajua homa itamnyang'anya akili, na watakuja kuniuliza mimi. Akasema sisi wa kanisa la Friends hatuapi, tulifundishwa kwenye misheni ya Kaimosi kwamba ndiyo ya mtu inatosha mbele za Mungu, kwa hiyo haniapishi. Ananiomba tu niseme ndiyo, kwamba sitawaacha waukate. Nikamtazama machoni. Unajua jinsi ninavyobishana na kila mtu, hata na mchungaji, lakini pale sikuwa na ubishi. Nikasema ndiyo.

Asubuhi ya leo hakunitambua. Aliniita Mama, akaniomba nimfukuzie kuku. Daktari akaja, akaniuliza. Nikamwambia nipewe muda wa kuwaletea habari wazee wa mume wangu, hilo si neno la mwanamke peke yake. Akasema muda huo haupo, hata basi la kwanza la Malava halitafika kabla ya kaburi kuchimbwa. Musimbi, nilisema ndiyo. Neno lile lile, kwa kinywa kile kile, kumhusu mtu yule yule. Sasa hivi ninapoandika wako naye ndani, na mlango umefungwa. Nasikia chuma kinagonga chuma.

Nakuomba usiwaachie wengine kazi hii. Nenda wewe mwenyewe kwa Mama Nangila kabla habari haijafika sokoni. Keti naye chini, mwambie ni mimi niliyesema, si daktari, si serikali. Akitukana, mwache atukane. Akisema mimi si mke tena wa nyumba ile, usinitetee. Mwambie pia kwamba mguu haujatupwa. Kimutai ameniahidi kuuzuia usichomwe, na nimempa kile kipande cha amerikani alichokishona siku ile ya kujaribu, auzungushie. Mwombe mwalimu aje auchukue, maana mimi siwezi kumwacha mgonjwa. Mama achague mahali karibu na kaburi la baba mkwe, uzikwe huko umsubiri mwenyewe. Labda hilo litampoza kidogo. Labda halitampoza. Sina jingine la kumpa.

Niliacha kuandika, sasa naendelea. Wamemtoa, yuko hai. Kimutai anasema moyo wake unapiga vizuri na homa imeanza kushuka. Nilikaa naye mpaka akafumbua macho, na mara hii alinitambua, akaniita Kavetsa. Wamemwekea kichanja cha mbao juu ya miguu ili blanketi lisimguse, kwa hiyo hajaona kitu. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kifundo kinamuuma sana, kinawaka mpaka kwenye kidole gumba, na kwamba katika maisha yake hajafurahia maumivu kama haya. Kwa maumivu hayo amejua kuwa mguu wake upo, na kwamba nimesimama kwenye neno langu. Akanishukuru, dada. Akanivuta mkono akaubusu, yeye ambaye hajawahi kunibusu mbele za watu, akanishukuru tena.

Nikasema nakwenda kuchota maji, nikatoka. Kimutai ameniambia kwamba aliyaona hayo kwa askari huko Burma, mguu uliokatwa huendelea kuuma mahali ambapo haupo. Amejitolea kumweleza yeye, au daktari akizunguka wadi jioni. Nimekataa. Ndiyo zote mbili zilitoka kwangu, na mtu wa kumwambia ni mimi. Ndoo ya maji iko hapa karibu nami, imeshajaa, na sina sababu nyingine ya kukaa nje. Nikishaandika jina langu hapa chini nitaingia.

Nisalimie mwalimu na watoto wote, na mama yetu ukimwona, yeye usimwambie bado. Mungu awalinde huko. Sisi huku tuombeeni, ila ombeni kwa haraka.

Ni mimi mdogo wako,
Kavetsa