Barafu ya Machi Mnadani

Jumatatu, 6 Mei
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Nikiamka bado natazama kwanza kama yupo. Yupo! Verna, mke wangu, mchoraji, miaka sabini na minne, rangi ya bluu kwenye kucha hata akilala. Na kanikubali mimi, Russ, fundi bomba mstaafu.

Leo hakumaliza mayai yake. Alhamisi picha yake, “Barafu ya Machi”, inapigwa mnada hapa Chicago. Si yetu — aliiuza zamani, hela ni za wenyewe. Lakini Audra, mwenye galari ya sanaa, kasema ikipata mnunuzi, Verna atafanyiwa maonyesho Septemba, ya kwanza baada ya miaka thelathini. Isipopata, basi.

Jumanne, 7 Mei
Usingizi wa mang’amung’amu, wote wawili. Nimempikia chapati za maji. Kala nusu, kwa ajili yangu tu. Nimempenda zaidi kwa ile nusu.

Jumatano, 8 Mei
Tumekwenda kuiona kabla ya mnada. Picha imepewa ukuta mzima. Nilijivuna kama nimeichora mimi. Kisha nikaona michirizi ya rangi — inapanda. Miaka arobaini nimehangaika na vitu vinavyovuja, sijaona tone linalopanda.

“Mpenzi, wameitundika kichwa chini?”

“Nyamaza, Russ.”

“Na kwenye kitabu chao cha mnada iko hivyo hivyo.”

“Nimeona kabla yako. Nyamaza.”

Nje, kwenye ngazi, akanieleza. Jina lake aliliandika nyuma, ndiyo maana wamekosea. Tukisema sasa wataiondoa waichunguze upya. Picha ikiondolewa hivyo, watu wa mnada husema imeungua. Haiguswi kwa miaka.

“Na mimi miaka ya kugawa sina,” akasema. “Waache. Hata wewe ulinioa bila kujua juu ni wapi.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mkono wake baridi, nimeushika mpaka nyumbani.

Alhamisi, 9 Mei
Naandikia gotini, ukumbini. Verna kavaa gauni la harusi yetu, lile la kijani. Mzuri mpaka naona haya kumtazama mbele za watu.

Imeletwa. Kichwa chini. Vibao vya namba vya wanunuzi vinanyanyuka — kimoja, kingine, sasa na mtu wa kwenye simu. Audra, kiti cha mbele, kajiziba mdomo. Inauzwa kweli!

Bwana wa kulia kwetu anamwambia mkewe aone inavyopaa, kama moshi. Mkewe anasema ndiyo, moshi mtupu, mzuri.

Verna kawasikia. “Ni barafu,” amesema, taratibu. “Inakatika mtoni. Inashuka.”

Nimemwambia bado kidogo tu, mpenzi, kidogo tu.

Dalali mwenye nyundo ametangaza, “Mara ya kwanza!” Ya tatu anagonga. Verna amenipa mkoba wake niushike, na anasimama.