Simbiliki Waliitika

Jumatatu, 12 Machi 2001. Asubuhi ukungu na baridi.

Sikukosa kusafisha. Niliondoa nyasi zilizolowa mkojo wa simbiliki, wanyama wangu wadogo wa nyama, kama panya wasio na mkia, nikakwangua sanduku, nikamwaga majivu, uchafu nikauzika migombani. Kwa jirani, askari wanaopora mifugo waliongozwa na harufu. Kwangu hakuna harufu.

Wakaja wawili. Mkubwa wao akanusanusa jikoni.

“Mama, uko na simbiliki?”

“Hapana, papa. Tulishakula zote.”

“Jikoni yako iko safi kupita ya mapadri!”

Wakacheka, wakatoka. Nikapumua.

Yule wa pili akang'oa nyasi uani, akarudi, akazipekecha mlangoni. Nyuma ya kuni simbiliki wangu wakaanza kupiga miluzi, wakidhani nimewaletea chakula.

“Sikia, banaitika! Ata kwetu tunabafugaka, mama.”

Alisema bila hasira, kama mtu wa nyumbani. Wakawatia wote katika gunia. Majivu yangu yote ya nini?

Miguu ya binti yangu Masika imevimba tena. Muuguzi alisema apate nyama kila juma, la sivyo... Nyama yenyewe ilikuwa hiyo.

Kumbe amebaki mmoja, jike, nimemkuta pembeni ya sanduku. Alizaliwa jana, bado hajui sauti ya nyasi, kwa hiyo alinyamaza. Njia ya kwenda Masereka, iliyofungwa na vita, ikifunguka nitamtafutia dume huko.

Jioni nimemlisha jani moja moja, polepole, bila kulitikisa. Huyu sitaki ajifunze kuitika.

Sanduku nimelikwangua tena. Nalala saa sita na nusu.