Joto la Pwani

Jumapili, 15 Desemba 1957

Mvua tangu asubuhi. Sikwenda Misa. Mguu umevimba tena, kidonda kinatoa maji. Evarista alikisafisha na kufunga bendeji, akachelewa kanisani kwa ajili yangu.

Baada ya Misa Sista Mkuu alimwita. Amekubaliwa kote kuwili! Chuo cha ualimu cha masista, hapa hapa Iringa, na mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya serikali, Dar es Salaam. Sista anataka jibu Jumamosi ya kwanza ya mwaka mpya. Mjukuu wangu alirudi akikimbia kwenye matope, viatu mkononi.

Nilifurahi. Kisha nikaogopa. Furaha haikudumu hata kikombe kimoja cha chai.

Kasema, Babu, wewe ndiye msomi, utatuamulia. Najua baba yake naye atasema hivyo. Saulo ni fundi wa malori huko Mbeya, mwanamume mzima, lakini jambo la shule huniachia mimi. Neno langu ndilo litakalosimama. Zamani hilo lilinipa fahari.

Jumanne, 17 Desemba

Usingizi mbaya. Nimemwota Jailos.

Tulifundisha pamoja miaka mingi. Mkewe alikufa, watoto wakatawanyika, akabaki peke yake. Jirani aliona kuku wake wanalia njaa, akabisha, mlango umefungwa kwa ndani. Walimkuta chini, kati ya kitanda na mlango. Alikuwa amejaribu kufika.

Sijamwambia mtu kwamba naliwaza hilo. Tangu mke wangu afariki, katika nyumba hii tupo mimi na Evarista tu. Tulimlea tangu alipoachishwa ziwa. Leo nimemwita mara tatu bila haja yoyote, nisikie tu kama yupo. Mara ya tatu alisimama mlangoni akaniuliza kama nina homa. Nikasema nataka maji. Maji yalikuwa pembeni yangu.

Ijumaa, 20 Desemba

Saulo na mkewe wamefika na lori la shehena, siku mbili njiani kwa sababu ya matope ya Chimala. Kaleta sanduku la bati, jipya, la kijani, la Evarista kwenda nalo chuoni. Chuo chochote.

Tusajigwe, mkewe, kapita moja kwa moja uani. Ni Mnyakyusa; kwao mke hamtazami baba mkwe wala haingii chumba alimo. Wangoni hatuna mwiko mkali namna hiyo, na tangu zamani nilimwambia Saulo aache, sisi ni Wakristo. Tusajigwe hakuacha. Miaka kumi na minane ni mkwe wangu, na sura yake siijui vizuri. Namjua kwa kikohozi na kwa upishi.

Baada ya chakula tukakaa kuvipima vyuo viwili. Saulo kaanza na gharama. Kwa masista kuna ada, mablanketi, sare, lakini ni karibu, kila mwisho wa mwezi atakuwa nyumbani. Dar es Salaam serikali inalisha na kuvalisha, ila nauli ni nzito, na atarudi mara moja kwa mwaka. Saulo kaona ni sawasawa.

Tukaja kwenye kazi. Evarista kasema mwalimu msichana akiolewa huachishwa, lakini muuguzi anatakiwa kila wilaya, hata Mbeya, hata Tukuyu kwa kina mama yake. Alisema kweli.

Tukaja kwa wenzake. Rafiki zake wanne wa darasa la nane wanaingia kwa masista. Saulo kasema huko pwani ni dansi na wahuni. Evarista kacheka, kasema dansi hata hapa lipo kila Jumamosi, ila masikio ya Babu yamezeeka. Uani mama yake naye kacheka. Kisha msichana kasema kwa upole kwamba hao wanne anawapenda, lakini anajua hata wanachoota. Anataka kukaa na wasichana wa kila kabila, awasikie.

Mizani ilikuwa inalalia Dar es Salaam. Niliiona. Ndipo niliposema.

Nilisema: kifua chake. Alipokuwa na miaka mitano aliugua kichomi. Nikasema daktari wa misheni aliniita pembeni wakati ule, akanionya mtoto huyu asije akaishi kwenye joto la pwani, mapafu hayatastahimili.

Daktari hakusema hivyo. Alisema amepona, mpeni uji.

Uani sufuria ikaacha kukwaruzwa. Saulo kasema, basi, yamekwisha. Evarista hakulia. Aliniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikasema sikutaka kumtia hofu.

Hayo ndiyo niliyoyasema. Mimi, mwalimu, ninayekufa.

Jumatano, 25 Desemba — Noeli

Kwaya ilipita nyumbani kuniimbia, kama wanavyofanya kwa wagonjwa. Evarista alisimama nao mstari wa mbele, mdomo umefungwa. Baadaye nikamuuliza. Kasema sauti ya juu inachosha kifua.

Huyu ndiye aliyekuwa anapanda jiwe la Gangilonga mbio, akitucheka sisi tuliobaki chini. Sasa namwona uani ameshusha ndoo, kiganja kifuani, anavuta pumzi na kuisikiliza. Nilitaka abaki tu. Sikufikiri kwamba ataniamini kiasi hiki.

Padre atakuja Ijumaa ya kwanza ya mwezi kuniungamisha na kunipa Komunyo. Naogopa siku hiyo. Nikimwambia, atanitaka nirekebishe. Nisipomwambia, nitaipokea Hostia na uongo mdomoni. Tena huenda ikawa ya mwisho.

Jumamosi, 28 Desemba

Lazima niandike.

Kalinga kaja na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Ni mtani wangu, Mhehe, tangu nilipohamia hapa kijana. Babu zetu walichinjana, basi sisi tunatukanana. Kila niumwapo huja kuniuliza kwa nini nachelewesha karamu yake. Leo alileta kamba, akanipima kitandani kutoka kisogo hadi kisigino, kasema hataki kuchimba shimo refu bure kwa Mngoni aliyesinyaa. Saulo alicheka hadi machozi. Nami nilicheka, kidogo.

Kisha kaliona sanduku. Kauliza linakwenda wapi. Saulo kamweleza: kwa masista, si Dar es Salaam, kwa sababu ya kifua. Kalinga kamtazama Evarista juu hadi chini. Kasema kifua anachokiona yeye ni cha kupigia mbiu. Kajitwika sanduku kichwani.

"Nimeliteka," kasema. "Nalipeleka mwenyewe kwenye basi la Dar es Salaam. Huyu Mngoni hana mjukuu mgonjwa. Ana muuguzi, na hataki kugawana."

Ni utani. Mtani akiteka kitu unakikomboa kwa jogoo, mnacheka, yamekwisha. Kumkasirikia ni mwiko.

Mimi nilimkasirikia. Nilimwita mwizi. Si kwa kucheka. Nilirusha kikombe, ulanzi ukamwagika ukutani. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu na asirudi hata kunizika.

Kalinga akashusha sanduku taratibu, akaketi juu yake. Sijawahi kumwona mzee yule bila tabasamu.

"Miaka yote nimekuita mwoga, mlafi, mwizi wa ng'ombe, ukacheka," kasema. "Leo nimekupima kaburi, ukacheka. Nimetaja muuguzi, ukarusha kikombe. Kwa nini, ndugu yangu?"

Hajawahi kuniita ndugu.

Niligeukia ukuta. Akajitwika sanduku tena akaondoka nalo mvuani. Nilipogeuza shingo, Evarista alikuwa ananitazama. Hakumtazama Kalinga. Alinitazama mimi.

Jumatatu, 30 Desemba

Homa. Mguu ni mweusi pembezoni mwa kidonda.

Saulo ana aibu kwa ajili yangu. Kataka apeleke jogoo kwa Kalinga, akaombe radhi na kukomboa sanduku. Evarista kasema liache huko kwanza. Baba yake kauliza kwanza mpaka lini. Msichana kaenda kuchemsha maji ya kidonda.

Jioni alipokuwa anafunga bendeji aliniuliza bila kuinua macho.

"Babu, yule daktari alisema hivyo kweli?"

Nafasi ilikuwa ile. Tulikuwa wawili tu, mguu wangu magotini pake. Nikasema nimechoka, mwanangu. Kasema haya, Babu. Akakaza pini.

Si kifo chenyewe ninachokiogopa. Ni ile sehemu kati ya kitanda na mlango.

Alhamisi, 2 Januari 1958

Mwaka mpya umeingia nikiwa na homa, sikuutambua.

Leo nimesikia jambo. Mlango wa uani ulikuwa wazi kidogo. Evarista alikuwa anaongea Kinyakyusa na mama yake, kisha Kiswahili kwa sababu baba yake alikuwapo. Saulo amekaa kwenye kinu, suruali ameikunja hadi gotini, wanamfunga kitambaa.

Lowanisha kwanza, usivute, alikuwa anasema. Hivi. Anzia vidoleni, panda juu. Hapa pasikaze. Akinyamaza ghafla ujue umemwumiza, maana Babu halii, hunyamaza.

Tusajigwe kauliza atafungaje mguu wa mtu asiyeruhusiwa kumtazama. Saulo kasema kwa mzaha ajaribu gizani. Hakuna aliyecheka. Halafu Tusajigwe kasema, nifundishe tena, nilikosea hapo kwenye kisigino.

Saulo anarudi kazini Mbeya Jumapili. Basi mkewe anataka kubaki nami. Hakuna aliyemwomba. Mimi hata salamu sijawahi kumpa ana kwa ana.

Na Evarista hajasema kwamba anakwenda. Bado anaweka kiganja kifuani, nimemwona leo pia. Anajua, au anadhani anajua, lakini hofu niliyoiweka pale haitoki kwa kudhani. Anafundisha mtu wa kushika nafasi yake na hapohapo anasikiliza pumzi yake. Jibu la Sista ni keshokutwa. Bila kauli yangu atakwenda kwa masista, nami najua hivyo, na kuna sehemu ndani yangu ambayo bado inashangilia. Hiyo ndiyo inayonitisha kuliko mguu.

Ijumaa, 3 Januari

Asubuhi. Mvua imekatika. Nimeomba wanipandishe kwenye mto niweze kuandika. Padre anakuja kabla ya saa nne.

Evarista kaja na beseni. Nyuma yake, mtu. Nilidhani ni Saulo.

Alikuwa Tusajigwe. Ameingia kinyumenyume, kanga imemfunika kichwa na uso, mkono mmoja unapapasa ukuta. Mwanamke wa kwao kufanya hivi! Alipofika kitandani alipiga magoti, bado amenipa mgongo, akanyoosha mikono nyuma, akaushika mguu wangu. Evarista anamwelekeza kwa sauti ndogo, kushoto mama, chini kidogo. Alivuta mahali. Nikanyamaza. Wote wawili wakasimamisha mikono papo hapo.

Nikasema, endelea, mama. Ni neno langu la kwanza kwake. Chini ya kanga nikasikia kikohozi kile ninachokijua.

Wamekwenda kumwaga maji. Kalinga yuko nje, sauti yake naisikia. Hajaingia, hajanitukana. Kakaa kibarazani juu ya sanduku la kijani, Saulo anasema, na jogoo aliyempa kamkataa.

Pikipiki ya Padre inapanda mlima. Sasa imezima mlangoni. Desturi ni kila mtu atoke, mgonjwa abaki na Padre. Nimepanga maneno tangu alfajiri, na nilipoisikia pikipiki yote yamenikimbia. Nikiyasema kwa Padre peke yake nitasamehewa, na msichana atabaki na kiganja kifuani.

Evarista kaingia kutandika kitambaa cheupe mezani na kuwasha mishumaa. Anamaliza. Ananitazama kama kuna ninachotaka kabla hajatoka.

Nimemwambia akae. Kauliza, na Padre je? Nimesema funga mlango, Eva, kaa hapa karibu, nikujibu lile la daktari, kabla hajaingia. Kakaa. Ameweka mkono wake juu ya daftari hili ili niache kuandika, nami