Kofia Niliyoipima kwa Parachichi

Alhamisi, Igawa. Jua kali, upepo wa vumbi, basi limesimama.

Nimetoka Iyunga asubuhi nikiwa na koti, sweta na shali, kwa kuwa mwezi wa saba kwetu ukipumua unauona mvuke wako mwenyewe. Huku chini nimevua vyote. Mkanda wa injini umekatika na dereva ametuambia fundi yuko njiani. Yuko njiani tangu tulipoanza kumngoja.

Mimi pia ni fundi. Najua maana ya kumwambia mtu uko njiani.

Naandika shajara yangu kwa simu, kwa kidole gumba kimoja, kwa sababu mkono mwingine umeshika sindano za kufumia, na mapajani nina parachichi. Nikiacha kuandika, nafuma. Nikiacha kufuma, naangalia simu kama mtandao umerudi. Siwezi kutulia. Nimeshashuka kwenye basi na kupanda tena mpaka konda akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sijapoteza. Ndiyo kwanza nimepata, na naogopa kupoteza.

Nianze jana, nisije nikachanganya.

Jana alasiri nilikuwa kibandani kwangu, kwenye mashine, nafuma sweta za shule. Huu ndio msimu wenyewe. Kila mzazi anagundua baridi siku shule zinapofunguliwa. Simu ikaita, nikaona ni mama mkwe, anayekaa Iringa. Mke wangu, Editha, yuko kwake tangu mimba ilipokuwa changa, apumzike karibu na hospitali. Tarehe yake ilikuwa bado mbali. Kwa hiyo nilipoona ile namba sikupokea mara moja. Nilimaliza mstari niliokuwa nao, kana kwamba mstari ule ungesaidia kitu.

"Baba," akaniambia, "tumepata binti. Amekuja mapema. Ni mdogo, lakini amelia."

Nikauliza Editha yukoje. Akasema yuko salama, amechoka, anataka kula tu. Mtoto amefungwa kifuani kwake kwa kanga, ngozi kwa ngozi, ndivyo wanavyowatunza wanaozaliwa kabla ya wakati. Manesi wamesema joto lake lisipotee, na joto la mtoto linapotelea kichwani. Kofia za madukani zinamzama mpaka kidevuni. Mama mkwe amekata soksi yake mwenyewe, akafunga fundo juu, wamemvalisha hiyo.

"Wewe si unafuma?" akasema. "Tuletee kofia. Ndogo, na laini."

Nikauliza ndogo kiasi gani. Sweta nazipima kwa darasa: la kwanza, la tatu, la saba. Kichwa cha mtoto wa jana sina kipimo chake. Akafikiri kidogo, nikasikia anamuuliza mtu pembeni, halafu akarudi.

"Parachichi. Yale makubwa ya kwenu Rungwe. Lakini usichukue kubwa kabisa."

Nilicheka peke yangu kibandani kama mwendawazimu.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mama yangu, ninayekaa naye, ana msemo wake kwamba nguo haimtangulii mtoto. Usinunue, usishone, usifume mpaka alie. Mwaka juzi mimi na Editha tulijiona watu wa kisasa. Tulinunua kila kitu, tukajaza sanduku zima, na mtoto yule hakulia. Mama hakutulaumu hata siku moja. Alilichukua lile sanduku na sikuliona tena. Lakini safari hii, mimba ilipotangazwa, alinitazama usoni akasema, "Ambokile, mashine yako hiyo ifume za shule tu." Nilielewa.

Nilielewa, na bado mikono haikuelewa.

Mwezi wa tano nilipata sweta la mitumba la sufu, rangi ya maziwa, laini kiasi kwamba nililipitisha shavuni pale pale sokoni na muuzaji akanionea huruma. Uzi wa sweta za shule unakwaruza. Mtoto mdogo huwezi kumwekea. Nikalifumua lile sweta lote, nikaufua uzi, nikautundika ukiwa na kijiwe chini unyooke. Nikajiambia kufumua si kufuma. Uzi ni uzi tu.

Halafu nikaanza. Kwa mkono, maana mashine ya kibandani ingeonekana. Mgongo. Kifua cha kushoto, kifua cha kulia. Mikono miwili. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujiwekea sheria, nilijiwekea sheria: hakuna kipande nitakachokifunga. Anayefuma anajua. Ukifika mwisho, vitanzi vyote bado viko wazi kwenye sindano, na usipovifunga kimoja kimoja, kitu chote ni ahadi tu. Ukivuta ncha ya uzi, kinarudi kuwa uzi. Kwa hiyo kila kipande nilikipitishia uzi mwekundu kwenye vitanzi vyake visikimbie, nikakitia ndani ya foronya. Hakijafungwa, hakijashonwa. Kwa hesabu zangu hiyo haikuwa nguo, na mtoto hajatanguliwa.

Sijui nilikuwa namdanganya nani. Labda nilikuwa naomba.

Leo alfajiri nimeitoa foronya na kutandaza vipande mezani. Mbele ya macho yangu ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na haina faida yoyote. Mtoto aliye kifuani kwa mama yake havai sweta. Anavaa kofia, soksi na nepi, basi. Na sweta lenyewe nililipima kwa mtoto aliyetimia. Huyu angeingia mzima ndani ya mkono mmoja.

Kofia sikuifuma. Haikunijia hata akilini.

Sikuwa na uzi mwingine laini. Nikachukua mkono wa kulia, nikautoa ule uzi mwekundu, nikashika ncha. Nilitaka nivute haraka kama mtu anayebandua plasta. Nikashindwa. Nikasimama pale, mkono wa sweta la mtoto mkononi, na nyuma yangu mama akasema:

"Vuta. Gari litakuacha."

Alikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Nikataka kueleza. Akaniwahi.

"Najua. Tangu mwezi wa tano najua. Unarudi nyumbani umejaa manyoya meupe kwenye suruali, na sweta zako za shule ni za bluu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa hujafunga."

Nikavuta. Kitanzi kimoja kikaachia kingine, mstari baada ya mstari, na mama akawa anauzungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa mabutu, na ukifumia hivyo kazi inakuja na matuta. Hakukuwa na muda wa kufua na kutundika. Mama akaufunga kitita, akaushikilia juu ya mvuke wa uji mpaka ukalegea na kunyooka. Jambo hilo mimi, fundi, nilikuwa silijui. Halafu akaenda jikoni, akachagua parachichi kwa kuyaminyaminya, akanipa moja.

"Hili. Lile jingine ni kichwa cha baba yako."

Ndiyo maana niko Igawa na parachichi mapajani.

Kofia naifuma kwa sindano nne fupi zenye ncha pande zote mbili, kwa mzunguko, isiwe na mshono wa kumchoma. Nimeanzia kwenye ukingo: vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, ili uvutike, maana parachichi si rula. Kila baada ya mizunguko michache nalivisha parachichi, natazama, navua.

Dada aliyekaa jirani yangu, mfanyabiashara wa vitunguu anayekwenda Makambako, alivumilia mpaka Chimala. Tulipokwama hapa uvumilivu ukamwishia.

"Samahani kaka. Hilo parachichi linaumwa?"

Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Konda, ambaye hana kazi gari likisimama, akadakia: "Muacheni, ni mtu wa Rungwe huyo. Huko parachichi bila sweta haliivi."

"Na ndizi je?"

"Ndizi zina maganda, zinajitegemea."

Nikacheka nao. Halafu nikasema ni kipimo cha kichwa cha binti yangu, amezaliwa jana, amewahi. Yule dada akanyoosha mkono, akalichukua parachichi, akalipima uzito kiganjani kama anavyopima vitunguu.

"Wangu wa kwanza alikuwa hivi," akasema. "Pengine mdogo zaidi. Sasa anaendesha bodaboda Makambako, na kofia ngumu hataki kuvaa. Umwambie wako avae."

Akanirudishia. Nikafuma mizunguko mitatu bila kuona ninachofanya, na nimelazimika kuifumua miwili.

Nimefika kileleni. Ni hapa vitanzi vinapunguzwa mpaka vibaki vichache, unapitisha uzi ndani yake, unavuta, kofia imekwisha. Mikono iko tayari. Mimi siko tayari. Simu haina mtandao, sijui kinachoendelea Iringa tangu asubuhi, na siwezi kukifunga kitu hiki nikiwa sijui.

Nimeuliza moyo wangu kama ninaamini maneno ya mama. Sijajua. Ninajua tu kwamba sindano nimezisimamisha.

Fundi amefika. Ana mkanda, hana spana. Konda ameenda kuazima.

*

Iringa, jioni. Baridi, anga safi.

Tumefika jua likizama. Nilikimbia kutoka stendi nikiwa nimeikumbatia foronya. Mama mkwe alikuwa ananingoja kwenye lango la hospitali, tukasalimiana, "Kamwene", "Kamwene", sauti yake ikiwa ya kawaida. Nilisikiliza sauti zaidi ya maneno. Ilikuwa ya kawaida.

Nesi akanipeleka kunawa mikono hadi viwiko. Kisha nikamwona.

Sitaandika mengi. Editha ameegemea mito, kanga imemfunga, na juu ya kanga kinatokeza kichwa kimoja kilichovaa soksi ya kahawia ya bibi yake. Uso umekunjamana kama mtu aliyeamshwa mapema na hakupenda.

"Umechelewa," Editha akasema.

"Mkanda ulikatika."

"Na kofia?"

Nikaitoa. Bado ina sindano zake, kilele wazi. Nesi akauliza kama uzi ni safi, nikamwambia umefuliwa na kupigwa mvuke. Akatoa soksi, akaushusha ukingo wa kofia polepole huku sindano zangu zimesimama juu kama mapembe. Upana ulitosha, ukingo ulivutika na kushika. Urefu ulizidi, ulimfika kwenye macho. Mama mkwe ana macho mazuri, lakini ni mkarimu wa vipimo.

Nikatoka nje kwenye benchi. Nikafumua mizunguko minne, nikaanza kupunguza vitanzi. Kimoja kikaponyoka, nikakirudisha. Nesi akachungulia mlangoni.

"Baba, unamaliza au ndiyo unaanza?"

"Namaliza."

Nikapitisha uzi kwenye vitanzi vya mwisho. Nilisimama hapo kidogo, sitaki kujisifu kwamba sikusita. Kutoka ndani ikasikika sauti ndogo, nyembamba kama ya paka, yenye hasira. Analia.

Nikavuta.

Amevaa. Imemkaa. Daktari anasema wanaendelea kumwangalia, ananyonya kidogo kidogo, na zitapita siku kabla hawajatuambia neno la uhakika. Kwa hiyo sijatulia, nisijidanganye. Nimeketi kwa mama mkwe, na kila simu inayoita mtaani nadhani ni yangu.

Nimempigia mama. Hakuuliza habari ya safari.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Akanishukuru kwa lugha ya kwetu: "Ndaga. Na sweta?"

"Mkono mmoja si niliufumua, mama."

"Basi fuma mwingine. Mtoto wa watu atatembea na mkono mmoja?"

Parachichi lilikuwa limeiva njiani kwa kushikwashikwa. Editha amelila lote kwa chumvi, akauliza kama nimeleta jingine.

Uzi uliobaki baada ya kofia hautoshi hata nusu ya mkono. Kesho asubuhi, nikitoka kuwaona, nitazunguka kwenye mitumba ya hapa Iringa kutafuta sufu ya rangi ya maziwa. Najua sitaipata ileile. Rangi ya maziwa ziko nyingi. Nitachukua itakayokuwa laini, hata ikiwa ya kijani. Basi sweta litakuwa na mkono mmoja wa rangi nyingine, na siku moja ataniuliza kwa nini.