Kidole Kwenye Unyayo

Jumanne, 1 Mei 1956
Mashimo kumi na moja ya nguzo. Ardhi ngumu kama saruji, mtaimbo unaruka na kunirudia mikononi. Fermín, mwenzangu wa kuchimba, anasema tukifika mwisho wa seng'enge hii tutakuwa tumezeeka.

Lakini kuna habari. Puma, simba wa milimani, amemuulia bosi Weech mtoto wa farasi wa tatu. Bosi amemwita mwindaji mzee Orval Stroud na mbwa wake sita. Mzee anahitaji mtu wa kuwashughulikia mbwa na kupanda naye mlimani. Nikasema mimi nyayo nazijua, nimekulia Sonora nikifuata ng'ombe waliopotea. Bosi akanitazama mikono, akasema nijaribiwe. Puma akipatikana, nabaki na mbwa mpaka mvua za Julai. Asipopatikana, mtaimbo unaningoja.

Fermín: "Nenda, kaka. Ukiliwa niachie blanketi."

Alhamisi, 3 Mei
Tunaondoka kabla ya alfajiri kwa sababu ya umande. Saa nne jua limeshakula harufu yote na mbwa wanabaki kunusa mawe tu. Kaskazini wanawinda kwenye theluji, unyayo unauona ukiwa bado kitandani. Huku ni mwamba na vumbi.

Leo hatukupata kitu. Ila kupanda nyumbu wa tandiko badala ya kuchimba — mgongo wangu umeimba siku nzima.

Mzee Orval ana miaka sabini na mbili, mpole, anaongea na mbwa kuliko watu. Kila penye mchanga anashuka, anapapasa chini kwa vidole. Halafu ananiuliza: "Na wewe Beto, unaona nini?" Nilidhani ananipima. Nikajibu kwa sauti kama niko mbele ya mwalimu.

Ijumaa, 4 Mei
Siku mbaya.

Mbwa walipata harufu korongoni asubuhi mapema. Kelele tamu. Sasa, mbwa anajua puma amepita, lakini harufu ikiwa ya zamani hajui ameelekea wapi. Hilo ni la mtu, aangalie vidole vya unyayo. Mzee akapapasa, akanyoosha mkono: juu. Mimi niliona vidole vimeelekea chini. Waziwazi. Nikanyamaza. Nani anambishia mtu aliyeua puma mia mbili?

Saa nne za kupanda, na harufu inazidi kufifia. Mwisho wake tukakuta mzoga wa mtoto wa farasi wa bosi, unanuka, una siku nne. Tulikuwa tumemfuata puma kinyumenyume, mpaka alikotoka!

Bosi aliuliza nani alisoma unyayo. Mzee akasema, "Mimi." Angeweza kunisingizia, na bosi angeamini.

Bosi akasema Jumapili ndiyo mwisho, na safari hii anakuja mwenyewe.

Jumamosi, 5 Mei
Mbwa wamepumzika. Nimewapaka mafuta nyayo, zimechubuka.

Asubuhi mzee alimimina kahawa pembeni ya kikombe. Akaendelea kumimina. Nikasogeza kikombe kikapokea.

Kwa hiyo hakuwa ananipima.

Nikamwambia Fermín kuhusu macho ya mzee, halafu nikajuta. Akasema, "Mwambie bosi basi. Mzee akiondoka, kazi yote yako."
"Na mbwa?"
"Mbwa wanamjua anayewalisha."
"Wanajua baragumu yake. Mimi nikipuliza watanicheka."
"Basi nenda ukachimbe, mtakatifu wewe."

Alinipa tortilla yake ya mwisho hata hivyo, chapati yenye maharagwe.

Jumapili, 6 Mei
Naandika chini ya mti. Muda ninao, nitaeleza kwa nini.

Mbwa walishika harufu kulipopambazuka. Bosi juu ya farasi wake, anatazama. Mzee akashuka, akapapasa, akainua mkono kuelekea mashariki. Vidole vilikuwa vinatazama magharibi. Nikisema, nimemvua nguo mbele ya bosi. Nikinyamaza, nimerudi kwenye mtaimbo na yeye amerudi kwake na aibu.

Nikashuka kama naenda kukaza mkanda wa tandiko. Nikapiga magoti karibu naye, nikashika kidole chake nikakitia ndani ya unyayo wenyewe, mbele, kisha nyuma. Nikauliza kwa sauti ya mwanafunzi: "Mzee, hapa penye vinundu vitatu si ndipo kisigino?"

Akapapasa tena. Masikio yake yakawa mekundu. Halafu akasimama, akamwambia bosi: "Nilitaka nione kama kijana ataamka. Ni magharibi."

Kijana! Nina miaka arobaini na mitatu.

Akapuliza baragumu, mbwa wakageuka, na kutoka hapo ilikuwa kukimbizana tu. Saa mbili za miamba. Farasi wa bosi aligoma kwenye mawe, sisi na nyumbu tukapita. Kisha sauti za mbwa zikakaa mahali pamoja, na nikajua.

Yupo. Mti mkubwa wa mreteni ukingoni mwa genge la mlima. Amelala juu ya tawi, mkia unaning'inia, anatudharau wote. Mzuri kuliko nilivyofikiri.

Bosi anapanda kwa miguu. Amepaza sauti kutoka chini: "Usipige mpaka nifike, Orval. Nataka kuona unavyofanya." Risasi moja, ndiyo sifa ya mzee. Puma aliyejeruhiwa akiangukia mbwa, anawachana.

Mbwa watano nimewafunga mbali. Wa sita, Duquesa, jike kizee, amekata kamba na yuko shinani, hataki kushikwa.

Mzee amekaa kando yangu. Ameuliza polepole, kwa mara ya kwanza: "Beto. Yuko tawi gani?"

"La tatu, kushoto. Kichwa kiko upande wa genge."

Akatikisa kichwa. Mti wenyewe anauona, nadhani. Puma, hapana.

Sasa hivi amenipa bunduki nimshikie, eti anatafuta kiberiti. Amegeuza mfuko mmoja, sasa anageuza wa pili, taratibu kabisa. Mzee Orval havuti sigara.

Bunduki iko magotini, naandika juu yake. Imejaa risasi. Kofia ya bosi imetokeza nyuma ya jiwe. Mzee bado anatafuta kiberiti.